Kandambili ya Buluu na Gari Linalogonga Nyuma

Nakiri leo: gari langu limekuwa likigonga nyuma. Kwa mwaka mzima nimekana. Abiria akiuliza, nasingizia barabara ya Isingiro. Tukifika kwenye lami laini ya Mbarara, naongeza sauti ya redio. Nina shahada ya chuo kikuu, na dawa yangu ya chuma kilicholegea ni redio.

Lile kosa jingine sikiri, kwa sababu si langu. Mama amekuwa akidai kwamba nilipokuwa na miaka kumi nilimpotezea kandambili moja ya buluu aliyotoka nayo Uvira, Kongo. Ugomvi huo umetuharibia Krismasi nyingi.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka ile hatukuwa na bembea. Tulikuwa na gari la Papa, baba yetu. Ndilo hilihili ninaloendesha, na hata wakati huo lilikuwa zee. Papa alilipakia maharagwe ya kuuza Kabingo mpaka kitako chake kikalamba vumbi. Akirudi, alituita: "Batoto, mukuje mupime!" Kupima kulikuwa ni kuning'inia wote nyuma ya gari, kulikandamiza, kisha kuliachia kwa pamoja. Gari lenye afya huinuka mara moja na kutulia. La Papa liliitikia na kuitikia, kama shemasi mbele ya askofu, nasi tukacheka mpaka uji ukatutoka puani. "Shokapu imekufa," Papa alitangaza kwa huzuni. Sisi wafiwa tukaomba kupima tena.

Kisha matengenezo. Nguzo ya mkaratusi ilinyanyua kitako, mawe yakashikilia nguzo, na harufu ya grisi ikachanganyika na ya maharagwe yaliyokuwa yakiungua jikoni, maana Mama naye alitoka kutazama. Vipuri vilitoka nyumbani. Leo waya wa kuanikia nguo, kesho kipande cha jerikeni. Papa akishika spana, Mama alihesabu sufuria zake.

Siku moja Papa alitwambia kilichoisha ni bushi, kile kimpira kinachokaa kati ya chuma na chuma visigongane. Jioni gari likanyamaza, tukampigia makofi. Kesho yake, Jumapili, Mama akatafuta kandambili zake, akaikuta moja.

"Ni weye!" akaniambia. "Mingi inapotea mu hii nyumba, na kila mara ni weye uko karibu!"

Nililia. Papa alikohoa sana asubuhi ile.

Baadaye gari lilikaa miaka mingi juu ya matofali nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani, mpaka nilipopata kazi Kamukuzi, pale Mbarara, na Papa akanikabidhi ufunguo kama anayeoza binti.

Watoto wa siku hizi hawajui kupima. Mwanangu aliposikia mlio ule, aliniuliza kama hakuna kitu kwenye simu cha kuusikiliza. Hajawahi kuning'inia nyuma ya gari lolote, atachafua viatu. Na mafundi wa mjini huvaa glavu, wakatoa kipuri kipya kwenye boksi. Gari likiugua sasa, nyumba haipungukiwi kitu. Ni maendeleo, sikatai. Ila zamani gari lilipopona, kila mmoja wetu alikuwa ametoa kitu chake, hata kama hakuombwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua Mama aje kwangu kwa ubatizo wa mjukuu. Akagoma mlangoni. "Siingii mu gari yenye kugonga. Ulipoteza kandambili yangu, utanipoteza na miye."

Bila Mama hakuna ubatizo. Nikalipeleka gari kwa fundi Mbarara, nikarudi Nakivale kwa teksi kumbembeleza. Tulikuwa uani, yeye, Papa na mimi, simu ilipolia. Niliweka spika, kwani Mama huamini kwamba simu ya sikioni ni umbea.

"Madamu," fundi akasema, "nimefungua nyuma. Mguu ya kushoto haina bushi. Mutu aliweka sapatu."

"Sapatu gani?"

"Ya miguu! Ya buluu. Alikata muzuri kabisa, bado iko na nguvu. Ni ya kulia ndiyo imeisha, hiyo ndiyo inagonga."

Papa akakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa.

Mama hakumtazama. Alininyang'anya simu.

"Fundi," akasema, "usiitupe. Ya pili ningali nayo."