Gauni la Waksi na Ngozi Yangu

Nakumbuka kwa ngozi, mwanangu, kabla ya kukumbuka kwa akili, Jumamosi ile aliyoolewa dada yangu Ngalula, hapa hapa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda. Hadi leo nikiisimulia siku hiyo mabega yangu yanacheza yenyewe. Wajukuu wananicheka, wanasema Kambo ameanza tena. Wacha wacheke. Kwetu Kambo ndiye bibi, na bibi ana haki ya kuanza tena kila anapotaka.

Nilikuwa msichana mdogo wa miguu mirefu na maneno machache. Baba alifanya kazi ya shaba, mama alikaanga maandazi na kuyauza karibu na lango la karakana. Walikuwa watu wema, nakuambia ukweli. Lakini walikuwa na mtoto mmoja asiyeeleweka, na mtoto huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa naogopa nguo. Usicheke! Lebo ya nyuma ya shingo niliing'oa kwa meno. Soksi nilizivua njiani kwenda shule nikazificha ndani ya mfuko. Sweta la sufu lilinifanya nilie mpaka nitapike. Nguo moja tu duniani niliipenda, fulana kuukuu ya baba, iliyofuliwa na kufuliwa mpaka ikawa laini, nami niliivaa chini ya kila kitu. Tena niliziba masikio watu wakipaza sauti, sikupenda kutazamana na mtu machoni, na mgeni akinisalimu nilimjibu baadaye sana, pengine akiwa amekwisha kwenda zake. Siku hizi mambo hayo yana jina. Wakati ule yalipewa majina mengine: kiburi, ukaidi, na lile lililonitisha kuliko yote, pepo.

Neno pepo lililetwa nyumbani na Tantine Odette, dada wa baba. Aliongoza akina mama wa maombi katika kanisa dogo huko Kikula. Alinipenda sana, nisimwonee, na kwa sababu alinipenda aliniogopea.

"Mutoto mwenye kuvua bilamba mbele ya bantu, iko na roho ingine mu mwili," alimwambia mama, na bilamba ndizo nguo. "Tumupeleke ku maombi. Atafunga, hatakula, mpaka ile roho itatoka."

Nilijua maana yake. Kulikuwa na msichana mmoja jirani yetu aliyepelekwa mahali pa namna hiyo. Alirudi mifupa mitupu, na kila mtu akiinua mkono karibu naye alikuwa anashtuka. Mama alilia, akaomba wasubiri kwanza siku ya harusi. Wakakubaliana hivi: nikivaa gauni langu kama wenzangu mpaka mwisho wa sherehe, maneno yamekwisha. Nikilivua, Jumatatu asubuhi napelekwa Kikula. Waliyasema hayo sebuleni wakidhani nimelala, kumbe nilikuwa nyuma ya pazia nasikia yote.

Na hapo ndipo uone nilivyokuwa na bahati na balaa pamoja, maana harusi yenyewe niliitaka kwa moyo wote! Unawajua watoto wanaowatangulia maharusi wakiingia ukumbini, wale wa cortège, wanaocheza hatua walizofundishwa? Mimi niliwekwa mbele ya wote. Kucheza kwa mpango nilikupenda mno. Kila hatua ilikuwa na mahali pake, hakuna aliyekuuliza swali, na muziki ukirudia nawe unarudia. Wenzangu walikosea, mimi sikukosea. Wiki nzima nilifanya mazoezi uani na fulana ya baba, kuku wakinikimbia. Nilikuwa na furaha ya kupasuka!

Shida ilikuwa kitambaa. Unajua desturi yetu, upande wa bibi arusi huvaa kitenge kimoja, kuanzia nyanya mpaka mtoto. Mwaka ule walichagua waksi ya buluu yenye ndege wa manjano. Na kitenge cha familia hakifuliwi kabla ya sherehe, hata kidogo! Watu wanatazama ule mng'aro, wanasikiliza namna kinavyokwaruza mtu akitembea, wananusa upya wake. Ukikifua mara moja tu watasema umekiazima, au umekitoa ndani ya sanduku la zamani. Basi kikatoka dukani kikaenda kwa fundi, kikatoka kwa fundi kikaja mwilini, na wanga wake wote wa kiwandani. Sisi watoto tukaongezewa kola ya dantela, yaani lesi, ya nailoni, ili tupendeze.

Nililivaa gauni lile juu ya fulana yangu. Kanisani nilishika benchi kwa mikono miwili nikavumilia. Watu waliimba, mimi nilihesabu ndege wa mgongoni kwa shangazi aliyekaa mbele yangu. Tukatoka, tukafika mbele ya ukumbi, tukapangwa mstari kwenye jua. Jasho likaanza kulowesha ule wanga. Kola ikanishika shingoni kama siafu. Ndani ukumbini wanamuziki wakapiga sauti ya kwanza, gitaa na ngoma kwa pamoja, kwa nguvu zote.

Sikumbuki kuamua kitu. Nilisikia mtoto anapiga kelele, nikagundua ni mimi. Gauni lilikuwa chini vumbini, nami nimesimama na fulana ya baba na kaptura ya ndani, mbele ya wageni wa dada yangu waliokuwa bado nje.

"Muliona sasa?" Tantine Odette alisema kwa sauti. "Ile roho inachukia ndoa! Ngalula asiingie mpaka tumuondoshe huyu mutoto hapa!"

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakunitazama. Nikajua Jumatatu imefika, nami nimekwisha.

Ndipo akaja Kambo Tshibola, mama yake mama. Alitoka Kasai akiwa bibi arusi kijana, mumewe alipoandikwa kazi ya migodi, na magoti yake yalikuwa yamechoka tangu sijazaliwa. Alikuja polepole. Hakunishika, hakunivuta. Alijishusha akaketi chini vumbini na gauni lake jipya, kisha akanitupia mabegani kikwembe chake cha zamani, kitenge kilichochakaa kikawa laini, bila kunikandamiza. Akasubiri kwikwi zangu zipungue.

"Kapinga," akasema, "inakuuma wapi?"

Mwanangu! Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo! Waliniuliza kwa nini, waliniuliza nina nini, waliniuliza nani amenituma. Maswali hayo sikuwa na jibu lake. Lakini wapi, nililiweza. Nilimwonyesha shingo, nikamwonyesha kwapa, nikamwonyesha mshono wa ubavuni ulipokazwa kwa uzi mgumu.

Kambo akaliokota gauni, akalikung'uta, akajisugua nalo shingoni mwake taratibu, macho amefumba.

"Minye inanikwaruza kidogo tu," akasema. "Weye inakuchoma. Ngozi ya bantu hailingane."

Akaikata ile dantela kwa meno, uzi baada ya uzi, nami nikamtazama nikijiona mwenyewe na lebo zangu. Kisha akaligeuza gauni, ndani likawa nje. Waksi imepakwa rangi pande zote mbili, ndege wanaonekana sawasawa huku na huku. Tofauti yake ni mishono tu, ambayo sasa ilitazama dunia badala ya kunitazama mimi. Nililivaa juu ya fulana. Niliinua bega moja, nikainua la pili. Lilikuwa bado linakwaruza, sitakudanganya, lakini halikuchoma. Huko kukwaruza nilikuweza.

Tantine Odette akashika kichwa. "Mama, kuvala kilamba ndani-inje mu ndoa? Ile ni kazi ya balozi!"

Balozi kwetu ni wachawi, na wageni waliokuwa karibu wakaanza kunong'onezana. Kambo aliniambia nimwinue, akaingia kile chumba cha mlinzi kilicho ubavuni mwa ukumbi, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na gauni lake la familia, limegeuzwa! Mishono nje, nyuzi zinaning'inia, kichwa juu kama mke wa chifu.

"Odette, sasa tuko balozi babili," akasema. "Utatupeleka siye wote Kikula?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mulifunga, muliomba, mulilia. Mungu abariki ile yote. Lakini pepo munamuuliza jina yake, mutoto hamumuulize kitu! Nani kati yenu alimuuliza kwenye inamuuma?"

Muziki ulikuwa umekatika, hata mpiga gitaa akachungulia mlangoni. Ndipo mlango wa gari la maharusi, lililokuwa likisubiri nyuma yetu, ukafunguka, dada yangu Ngalula akatoa kichwa na shela lake lote.

"Minye siingie bila Kapinga mbele," akasema. "Kama ni ndani-inje, ni ndani-inje."

Mama akaniangalia sasa. Alikimbia kwenye kile chumba cha mlinzi. Akatoka amegeuza. Akaingia shangazi mwingine, akaingia mke wa mjomba, wakawa wanasukumana mlangoni na kucheka kama wasichana, na wenzangu wa cortège wakavuana magauni palepale nyuma ya gari. Vigelegele! Mwanangu, vigelegele vya siku ile vingeweza kusikika mpaka sokoni! Muziki ukaanza upya, safari hii nilijua unakuja, nikatoa mguu wa kwanza. Nilicheza! Nilicheza kila hatua mahali pake, fulana ya baba karibu na moyo, na nyuma yangu ukoo mzima wa wanawake wenye nyuzi zinazoning'inia. Wageni waliokwisha kuketi ndani ukumbini hawakujua lolote. Walidhani ni mtindo mpya kutoka Lubumbashi, na baadaye kuna wasichana wa Panda walioenda kwa fundi kuomba washonewe mishono nje. Haki ya Mungu!

Lakini Jumatatu ilikuwa bado inakuja, na ilikuja. Tantine Odette alifika asubuhi na mapema na mfuko wa nguo zangu alioutayarisha zamani. Nilijificha nyuma ya pazia langu lilelile. Mama alimkuta mlangoni, mikono imejaa unga wa maandazi, akasimama katikati asipishe.

"Tantine, mutoto yangu haina na pepo," akasema. "Iko na ngozi yake. Ataikala hapa."

Mama hakuwa mtu wa kumbishia dada wa mumewe, na siku hiyo alimbishia. Mwisho Tantine aliuweka mfuko chini, akaomba apite, akaja kukaa karibu nami. Alikuwa na mazoea ya kunibana mashavu. Safari hii mikono yake ilibaki mapajani.

"Kapinga, nikikushikaka vile, inakuuma?"

"Inaniuma, Tantine."

"Basi sitakushika tena."

Akaanza kulia. Sikujua mtu mzima akilia anafanywa nini, nikampa andazi. Alilila lote huku machozi yanashuka, na tangu siku hiyo tulikuwa marafiki.

Miaka imepita, nimezaa, nimezeeka. Mjukuu wangu wa kike alipokataa sweta la shule na kuziba masikio darasani, tulimpeleka kwa daktari mmoja Lubumbashi. Daktari akatuambia neno otisme, ambalo kwa Kiswahili ni usonji. Alianza kumuuliza binti yangu maswali: mtoto anachukia lebo? Anapenda mambo yaende kwa mpango? Anachelewa kujibu salamu? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pembeni, na kila swali nilikuwa naitika ndiyo kabla binti yangu hajafungua mdomo, mpaka nikashindwa kujizuia. "Docteur, unaongea yulu ya minye!" Nilitaka kusema anazungumza juu yangu mimi. Daktari akacheka, nami nikacheka mpaka nikatoa machozi. Fikiria, mzee mzima, unaambiwa kwamba hukuwa mbaya, kwamba mko wengi duniani! Nilitoka pale nataka kucheza barabarani.

Sasa nisikilize, wewe ambaye umeoa au utaolewa, wewe unayemcheka mtoto wa jirani anapojitupa chini kwa ajili ya shati. Otisme si pepo, si laana ya ukoo, wala si adhabu ya kosa la mama. Haiambukizi. Mtoto wa namna hiyo hajakosa adabu wala hajakosa upendo, anasikia dunia kwa nguvu kuliko unavyoisikia wewe. Hawafanani wote. Mwingine nguo hazimsumbui kabisa, anasumbuliwa na taa au na harufu ya chakula. Na si kila anayechukia lebo ana otisme, kwa hiyo usikimbilie kumpa mtu jina, mpeleke kwa wanaojua. Mfulie nguo mpya kabla ya kuivaa, na watu waseme wanavyotaka kuhusu mng'aro. Mwambie mapema kelele zinapokuja. Omba, ndiyo, mimi mwenyewe naomba kila asubuhi. Lakini usimnyime mtoto chakula kwa jina la Mungu, na usimkabidhi kwa mtu anayemwogopa. Mwulize inapomuuma. Akijibu, mwamini, hata kama wewe huoni kitu. Akiwa hana maneno, tazama mikono yake inakwenda wapi.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuketi vumbini na nguo mpya pale mtoto anapokuhitaji. Akupe ujasiri wa kusimama mbele ya watu unaowaheshimu ukasema huyu ni wangu na haendi popote. Watoto wako wakue wakijua kwamba kwenu wanaulizwa na wanaaminiwa. Nenda, mwanangu, nimekubariki.