Chombo Gani Kinachosema

Kazi yangu haina sifa mbele za watu. Ndege huruka hadi ndani ya kimbunga, mbali huko baharini kusini mwetu, ikadondosha vipimaupepo vyenye parachuti ndogo, navyo hutuma kasi ya upepo mpaka vinapogusa maji. Mimi hukaa Diani mbele ya kompyuta, nikizikagua namba hizo kabla watabiri hawajaziamini. Shangazi yangu wa Ramisi husema nalipwa kuhesabu hewa, nami simbishii.

Namba zina uongo wake. Kuna aina ya kipimo ambacho kikilowa mvua kubwa husoma pungufu, na kwa kuwa tunakijua, tunakiongezea. Lakini ukikiongezea kipimo kisicho na kasoro hiyo, umeunda kimbunga ambacho hakipo. Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua chombo gani kinachosema.

Asubuhi moja nilikuwa Msambweni kwa mama, kompyuta yangu mezani pake, simu yake ikalia. Alikuwa msichana wa kutoka bara, aliyeajiriwa karibuni kumuuguza mjomba wangu kule Kikoneni. Mjomba ndiye kaka pekee wa mama.

"Mama, hali ya mzee si nzuri. Mje."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kavukavu. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, na yaliyobaki hujijazia mwenyewe. Mama alijijazia. "Innalillahi," alisema, akakaa sakafuni. Nami, ambaye kazi yangu ni kutilia shaka, niliamini papo hapo, nikalia.

Aliyekwisha kufa hakimbiliwi, basi hatukukimbia. Maziko, tulikadiria, yangekuwa baada ya alasiri. Tuliwangoja jamaa wa Ukunda, kisha tukapita kwa shangazi kuchukua mchele na masufuria makubwa. Njiani mama alisimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, naye akimvuta masikio ili aende upesi. Nilimsikiliza huku nikitazama miwa dirishani.

Tulipofika, mama aliingia uani akilia kwa sauti, na wanawake wote nyuma yake. Yule msichana alitoka mbio, akitupungia mikono tunyamaze.

"Shikamoo, mama. Mbona mnalia? Mzee yupo, ila sauti imekatika. Amekuita tangu asubuhi mpaka adhuhuri."

Kilio kilikoma. Mama aliingia chumbani, akaushika mkono wa kaka yake. Macho ya mjomba yalimtambua. Midomo ikacheza, lakini neno halikutoka. Mama alimwinamia, sikio karibu na mdomo wake, akangoja. Uchungu niliouona usoni pake sijauona tena kwa mtu. Alipoinuka, alimgeukia msichana, bila hasira.

"Mwanangu, si uliniambia hali yake si nzuri?"

"Ndiyo, mama," alijibu, akishangaa. "Haikuwa nzuri."