Sentensi Moja ya Chuku

Mwalimu Wakesho hakuwa mtu wa kukaa kitako. Miaka kumi na mmoja alifundisha chekechea chini ya mlima wa Sagalla, nje kidogo ya Voi, na hata chai aliinywa akiwa wima. Tangu barua ya wizara ifike, alizidi. Kanisani alisikiliza mahubiri akiwa mlangoni. Barua ilisema anayetaka kubaki darasani awe amejiunga na chuo cha ualimu kufikia Mei ya mwaka uliofuata, na chuo kilitaka C ya Kiswahili. Wakesho alikuwa na D, ya tangu usichana wake, na watoto ishirini na wanane waliomwita mwalimu.

Basi akajiandikisha kufanya mtihani upya. Kila Jumamosi alikwenda mjini kwa Donald, kijana wa Nakuru aliyewafundisha watu wazima fasihi katika chumba nyuma ya duka la saruji.

Tamathali za semi zilimkosesha raha. Tashbihi aliipata akikoroga uji wa watoto: mzito kama matope, ndiyo hiyo. Tashihisi alifundishwa na mtoto Sylus, aliyelia kwamba kiatu kimekataa kuingia mguuni. Kiatu kukataa, kama binadamu! Wakesho aliandika neno hilo ubaoni papo hapo, watoto wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Chuku ndiyo iliyomtoa jasho. Maana aliijua: kutia chumvi kupita kiasi. Lakini katika jaribio la Septemba Donald aliwataka watambue tamathali katika sentensi hii: "Ndovu aliingia jikoni kwetu, akanywa hata maji ya chai." Wakesho akaandika: "Hakuna tamathali. Hii ni habari." Kimeu wa Maungu, aliyeketi upande wa pili wa chumba, aliandika vilevile. Wote wawili wakapata sifuri.

"Mmeibiana?" Donald aliuliza akicheka.

Wakesho akasimama. Muda wote alikuwa anatafuta sababu ya kusimama.

"Mwalimu, jiko hilo ni langu. Aling'oa mabati, akamaliza mitungi miwili na sufuria iliyokuwa mekoni. Mama alikuwa mle ndani, chini ya meza. Mpaka leo usingizi wake ni wa kushtukashtuka."

Donald aliacha kucheka. "Pole sana, Mwalimu. Sikujua." Akaugeukia ubao, akaupangusa ingawa haukuwa na kitu. "Lakini msahihishaji pia hakujui. Ana karatasi yake ya majibu, na imeandikwa chuku."

Maneno hayo yalimkera wiki nzima, hasa kwa kuwa yalikuwa kweli.

Novemba ikafika. Katika karatasi ya fasihi, karibu na mwisho, kulikuwa na swali hili: tunga sentensi moja yenye chuku, alama mbili.

Mguu wa Wakesho ukaanza kutikisika chini ya dawati. Ndovu kunywa tangi zima? Ilitokea. Ekari mbili za mahindi kuisha kabla jogoo hajawika? Ilitokea, kwa jirani. Misimu mitatu bila mvua? Hiyo hata si habari tena. Kila alichokishika kilikuwa kweli tupu, na dakika zilikuwa zinakwenda. Msimamizi alipotangaza kwamba zimebaki kumi, ndipo ikamjia, akaiandika mbio mbio:

"Mwaka huu tulivuna mahindi yote tuliyopanda, na mama akalala usingizi hadi asubuhi."

Akaisoma. Hakuwahi kutia chumvi namna hiyo maishani mwake, na macho yalimchoma. Kisha akamfikiria msahihishaji, mtu wa mbali asiyejua unyayo wa ndovu, akiitafuta chumvi katika maneno hayo asiione, halafu akiandika sifuri. Alama mbili. C yenyewe bado alikuwa anaikimbiza.

Akaikata kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Alilia hadi machozi yakajaa pipa."

Hiyo wataielewa, alijiambia, akawa wa kwanza kusimama.