Kidonda Kilichoaminika

Mguu wangu wa kulia ulikufa nikiwa kwenye cherehani pale Masoko, katikati ya sare za harusi ya watu. Nauambia kanyaga, haukanyagi. Nikabebwa hadi hospitali, nikapigwa picha, nikatolewa damu, na majibu yote yakarudi mazuri. Sijawahi kufaulu vizuri hivyo, wala kuchukiwa kwa kufaulu.

Daktari kijana akachukua sindano akanichoma unyayo. "Unasikia?" Sisikii. Akachoma tena na tena, kwa hasira, kama fundi anayetoboa kiatu. Kisha akamgeukia dada yangu mkubwa, aliyetoka Mitwero kuja kuniuguza. "Huyu hana ugonjwa, mama. Anajifanya. Nendeni nyumbani."

Hapo ndipo nilipoumia.

Dada, aliyekuwa akininywesha uji kwa kijiko, sasa hata kikombe hakunisogezea. Jioni moja tumekaa uani na majirani, akapiga kelele, "Nyoka!" Wanawake wote wakatimua mbio, mmoja akaacha khanga, na dada naye akakimbia, ingawa nyoka alimtunga mwenyewe. Nikabaki peke yangu mkekani, nalia huku nacheka. Waliporudi akawaambia, "Mmeuona ukaidi wake? Hata nyoka hamshtui!"

Haukupita muda, pale palipochomwa sindano pakavimba, pakatunga usaha. Tukarudi hospitali. Loo, mambo yakabadilika! Nikapewa kitanda, nikapewa dawa, nikapewa pole. Majirani wakaleta machungwa. Shemeji yangu wa Songo Songo akatuma samaki mzima. Dada akalia machozi ya kweli: "Jamani mdogo wangu, kumbe unaumwa!"

Safari hii nilitibiwa na daktari mwingine, mama mtu mzima. Akasema mguu wenyewe ni mzima, ila ubongo na mguu havisikilizani. Ni ugonjwa wa kweli, wengi wanao, na mazoezi husaidia. Akanijaribisha kutembea kinyumenyume, na mguu, wallahi, ukakubali! Nikawa naizunguka wodi makalio yakitangulia, wagonjwa wananipisha. Nilifurahi kupita kiasi, mpaka nilipoliona jicho la dada. Lilikuwa lilelile la siku ya nyoka.

Muuguzi akaja kubadilisha bandeji, uso umemchangamka. "Hongera, shangazi, kidonda kinafunga."

Nikamtazama dada, kisha nikamwomba muuguzi asikiharakishe.