Waliozaliwa Mosi Januari

Mimi nakaa mapokezi. Kazi yangu ni kutabasamu na kutukanwa, na miaka kumi na mmoja sasa nimevizoea vyote viwili. Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku ile sikulia, usinione mwenye roho mbaya. Sikulia kwa sababu hakuna kilichotoka.

Ofisi yetu inapokea wageni waliokimbia makwao. Zamani walijaza fomu kwa kalamu, foleni mpaka ngazini. Ndipo akaajiriwa huyu tuliyemwita Dada Tovuti, ambaye mwenyewe aliingia kwa mlango huohuo na begi moja, na mimi ndiye niliyempa namba ya foleni. Akasomea kompyuta, akarudi akiwa upande wa ndani wa kaunta. Mwembamba, mkimya, anakunywa chai ikishapoa. Ukimuuliza habari za alikotoka anakujibu, "Salama tu," halafu anaendelea na kazi. Moyo ulishamfa ganzi zamani, watu wakadhani ni upole.

Lakini kazi aliijua, hilo simnyimi. Tovuti yetu aliitengeneza kwa lugha kumi na moja. Mkuu alitaka ukurasa wa kwanza uwe na picha yake akikata utepe. Dada Tovuti akaitupa chini kabisa, juu akaweka neno moja tu, Karibu, kwa herufi kubwa. Kwa wasiojua kusoma akaweka alama ya sikio: ukiibonyeza, sauti ya mtu inakusomea. Lugha ya kwao haikupata msomaji mwingine, akajirekodi mwenyewe ndani ya stoo, katikati ya maboksi ya karatasi. Nilimsikia nikipita. Sauti ilikuwa na uchangamfu ambao sisi hajawahi kutupa hata siku moja.

Nilijua sababu. Mdogo wake wa kike alibaki kambini. Mwaka huu ofisi ilitangaza kwamba wenye ndugu hapa waombe kuja kuungana nao, kwa wiki sita tu, kupitia tovuti. Wiki sita zikiisha mlango unafungwa. Dada Tovuti akanunua godoro la pili.

Balaa nililileta mimi. Huko waliko mtandao unakwenda kwa kusuasua, mtu anabonyeza Tuma mara nne, na mimi asubuhi nina maombi manne ya mtu mmoja. Nikafoka. "Mdogo wangu, hii tovuti yako inanizalia mapacha! Nifanyie mpango."

Akaufanya. Majina hakuyaamini, kwa sababu kila kituo karani huanza na jina analolipenda, mara la mtu mwenyewe, mara la babu yake. Akaiwekea tovuti kanuni: baba mmoja, jinsia moja, tarehe moja ya kuzaliwa, basi huyo ni mtu mmoja. Ombi la pili lifungwe na kuingizwa kwenye faili la kwanza, hata likiwa la zamani, mwombaji apewe ujumbe kwamba ameshapokelewa. Nikampigia makofi na kumletea biskuti. Kesho yake maombi yakaja masafi, nami nikawahi kwenda nyumbani.

Sasa sikiliza. Kambini karani akikuuliza ulizaliwa lini na hujui, anaandika mosi Januari, mwaka anaukisia kwa kukutazama usoni. Nusu ya wageni wetu walizaliwa mosi Januari. Tulikuwa tukilitania hilo, kwamba wakunga wa siku hiyo walikiona cha moto. Dada Tovuti naye ni wa mosi Januari. Yeye na mdogo wake walifika kambini siku moja, wamekonda, wamejaa vumbi, karani akawatupia jicho na kuwaandikia mwaka mmoja. Wamepishana miaka minne. Yeye aliyaishi hayo, mimi nayaona kwenye makaratasi kila siku ya Mungu, na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Tarehe ya uongo ukiitumia miaka kumi inakuwa yako. Hata benki humtumia salamu za heri.

Wiki sita zikaisha. Jumatatu akaja mezani kwangu. "Dada, ombi la mdogo wangu silioni."

Nikatafuta. Nikalikuta ndani ya faili lake yeye mwenyewe, limefungwa tangu wiki ya kwanza.

Alilisoma akiwa amesimama. Mhasibu, ambaye mdomo wake hauna breki, akaanza, "Mchimba kisima..." Nikamwambia, "Meza hilo neno kabla sijakumezesha na meno!" Nikampandia mkuu ghorofani. Akasema anasikitika sana, lakini mlango umefungwa. Huenda ukafunguliwa mwaka kesho, huenda usifunguliwe. Nikashuka ngazi nikiyasubiri machozi. Wapi! Nilisikia miguu tu inauma.

Saa sita mchana mdogo wake akapiga simu. Dada Tovuti akaiweka mezani kwangu, spika wazi. Sijui kwa nini, labda mkono ulikataa kuishika. Binti alikuwa akijifunza lugha yetu kwa ajili ya safari, akaizungumza kwa madaha.

"Shikamoo, dada! Unasikia ninavyoongea? Ule ujumbe niliusikiliza, sauti ni yako kabisa! Umesema nimeshapokelewa, karibu, nisiombe tena. Basi nimetulia nasubiri, wiki ya sita hii. Nakuja lini?"

Dada Tovuti akamweleza. Tarehe, karani, kanuni, mlango. Hakujitetea na hakunitaja, ingawa nilikuwa palepale na nilistahili.

"Kwa hiyo kwenye kompyuta mimi na wewe ni mtu mmoja," binti akasema.

"Ndiyo."

"Na huyo mtu ameshafika."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Basi niambie, dada. Huko tulikofika kukoje?"

Dada Tovuti akaitazama simu. Akanigeukia mimi, akasubiri nimwambie kukoje.