Damu Iliyokauka kwenye Kiti cha Gari

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau, mwanangu, na tangu uniambie umepata kazi ya usafi katika wadi za hospitali, hainipi raha. Nimeinuka mara tatu kabla ya kuanza kukuandikia.

Nilikuwa naosha magari huko Pioneer, hapa Eldoret. Kila gari lililotoka kwenye ajali tuliliacha juani siku mbili kwanza. Tuliamini damu ikikauka imekufa, basi tukaikwangua kwa kisu, mikono mitupu, huku tukitaniana. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Kila mmoja alimwiga aliyemkuta.

Siku hiyo nilikuwa nikikwangua kiti cha pikapu, kipande cha kioo kikanikata kidole. Nikakinyonya, nikaendelea na kazi. Mama Nekesa, aliyetuuzia chai na ambaye zamani alikuwa msafishaji hospitalini, aliniona akaweka birika chini.

"Wewe, wacha hiyo gari! Osha mkono na sabuni na maji mingi, halafu uende hospitali saa hii. Kuna ugonjwa ya maini inaweza kaa kwa hiyo damu kavu hata wiki mzima."

"Mama, si ni kakidonda tu," nikasema. Wenzangu wakacheka.

"Uko na bibi mjamzito kwa nyumba, na unacheka?"

Sikwenda. Niliona haya kuonekana mwoga kwa sababu ya kidole. Miezi mitatu baadaye macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nguvu zikaniisha. Daktari akasema ni homa ya ini aina ya B. Ningefika siku ile ile, akasema, chanjo pengine ingenikinga. Kisha akataka mama yako aje kupimwa, maana ugonjwa huo humfikia mke, na mke humpa mtoto anapozaliwa.

Majibu yake yalichukua siku nne. Nilitembea kutoka mtaa wetu wa West Indies hadi mjini na kurudi, bila shughuli yoyote. Tumbo lake sikuweza kulitazama, kwa maana niliogopa nimemuumiza mtoto ambaye hata sijamwona.

Mama yako alikuwa salama, wakamchanja. Watu wazima wengi hupona wenyewe, lakini mimi sikupona. Ile kliniki ninayokwenda kila baada ya miezi sita si ya presha, mwanangu. Nimekudanganya miaka yote hii, na naona aibu.

Sasa nisikilize. Kabla ya kushika mopu, pimwa, na uchanjwe sindano zote za homa hii ya ini, usiruke hata moja. Damu usiiguse bila glavu nzima, iwe mbichi au kavu. Imwagie jiki, ile dawa ya kutoa madoa, iliyochanganywa na maji, uiache kidogo, ndipo ufute. Ukichomwa na sindano au ukikatwa, osha na useme hapo hapo, hata wakikucheka. Waache wacheke.

Mungu aibariki mikono yako na akurudishe kila jioni ukiwa mzima. Mtoto niliyemhofia siku zile nne ni wewe, na sina nguvu ya kungoja majibu yako mara ya pili.