Mafuta ya Askofu na Mteremko wa Cheptais

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitale kwa kampuni ya kuuza na kutengeneza magari, nilivaa ovaroli nyuma mbele. Hakuna mtu aliniambia mpaka chai ya saa nne. Shule nilifikisha Fomu Tu, kidato cha pili, halafu mimi na hesabu tukaachana kwa amani, kwa hivyo meneja wa service akaniweka kaunta kupokea magari, mbali na spana. Akaniambia, "Kijana, mteja hapa hanunui gari. Ananunua usingizi. Gari ikimnyima usingizi, ni wewe atakuja kuamsha."

Nilidhani ni mzaha. Lakini mtu akinunua gari mpya, anajua haitawahi kuharibika. Tairi ikiisha anakuja na hasira ati iko na waranti. Waranti ni ahadi ya kampuni kutengeneza bure kasoro ya kiwanda, si kinga ya mashimo ya barabara. Mimi nilikuwa nacheka na mdomo, macho yakitafuta mlango wa kutorokea. Cheti yangu ilikuwa uoga.

Baadaye nikahamishwa tawi ya Bungoma. Huko ndio Mama Nekesa alirudisha pickup yake, hata mwezi haijamaliza. Yeye alikuwa anauza vitunguu Cheptais, tena mwenyekiti wa akina mama kanisani.

"Gari yenu haishiki breki nikiteremka," akasema. "Na Jumamosi nabeba kwaya nayo."

Foreman, mkubwa wa mafundi, mtu wa maneno machache, akaniangalia. "Enda roadtest na yeye. Pale inasumbua, si hapa."

Roadtest ni kuendesha gari mwenye gari akiwa kando, usikie chenye yeye anasikia. Pale inasumbua ilikuwa mteremko wa Cheptais. Nikachukua funguo pole pole.

Kupanda tulipanda vizuri. Kurudi, kona ya kwanza, nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, sawa kabisa, lakini gari ikaendelea na safari yake. Nikakanyaga na miguu mbili. Mbele yetu punda wawili wamebeba maji, na mwanamke nyuma yao hajui kitu.

"Si nilikuambia?" Mama Nekesa akasema, ameshika mlango. "Na mbona unapiga nduru, bana?"

"Mimi? Ni wewe, Mama!"

"Mimi nimenyamaza!"

Kweli, ilikuwa mimi. Niliomba kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, na ile Kizungu kidogo ya Fomu Tu. Nikarudi gia ya pili, ya kwanza, nikavuta handbreki pole pole, tukasugua ukingo wa udongo mpaka gari ikasimama. Punda mmoja akageuka akanikagua kama askari wa trafiki.

Nikashuka, nikachungulia gurudumu ya mbele. Disiki, ile sahani ya chuma padi za breki hubana, ilikuwa inang'aa mafuta. Breki za nyuma zimefunikwa ndani ya drum, ile ngoma ya chuma, ndio maana handbreki ilishika.

"Mama, nani alipaka mafuta hapa?"

"Si kupaka. Askofu alibariki gari. Alimwaga kwa magurudumu, ya mbele akaongeza, kwa sababu ndio hutangulia."

Nikapigia foreman simu. "Badilisha padi, nyamaza," akasema. "Usiingilie kanisa ya watu."

Ningenyamaza, na furaha kabisa. Lakini Mama Nekesa akaendelea, "Jumamosi atabariki tena, juu ya hii shida. Na chupa kubwa, kabla kwaya ipande."

Hapo ndio niliogopa kuliko pale kwa punda.

"Mama, baraka ilifika. Mafuta ndio ilifika mahali si yake. Hiyo chuma hushika ikiwa kavu. Akimwaga tena, kwaya yenu itaimbia Mungu ana kwa ana."

Akapanda gari, akafunga mlango kwa nguvu. Tuliteremka na gia ya kwanza, tukajivuta mpaka Bungoma, mimi nikijua kazi nimepoteza. Alipofungua mlango, akauliza, "Sasa Askofu amwage wapi?"

"Kwa boneti, Mama. Hata ndoo mzima."

Mwaka jana nilistaafu. Nyinyi vijana mnaoanza hii kazi mko na kompyuta ya kusoma kasoro, na ni mzuri. Lakini uliza pia mwenye gari ameifanyia nini, kwa sababu watu huharibu gari kwa mapenzi kuliko kwa ubaya. Uliza hata kama unatetemeka.

Padi zilibadilishwa, mafuta ikaenda kwa boneti, na Jumamosi ile kwaya ilienda, ikarudi ikiimba. Lakini mpaka leo nikipewa lifti, tukianza kuteremka, mguu yangu ya kulia inakanyaga sakafu yenyewe, na dereva ananiuliza, "Mzee, unatafuta nini huko chini?"